UZI: Watoto wa uchochoroni na starehe za wakubwa – vichekesho vya katuni za magazeti ya kale

#1 – Mleta mada

Wakuu, habari za Jumapili.

Kuna katuni moja ilitoka New York tarehe 25 Oktoba 1896. Kila nikiitazama nacheka peke yangu. Ina vipande vitano. Kuna dogo mmoja kipara, masikio yametanuka, meno mawili tu mdomoni, peku, kavaa gauni la kulalia la njano linaloburuza chini. Yuko na fonografu, yaani babu yake gramafoni. Mashine inamwaga sifa za toleo la rangi la gazeti la Journal, na Journal ndilo hilohilo lililochapa katuni. Dogo anajibu, lakini maneno yake hayatoki mdomoni, yameandikwa kifuani kwenye gauni. Mashine inasifia, gauni linaitikia. Kipande cha mwisho, boksi linafunguka, anachomoka kasuku! Mashine haikuwepo, ni ndege alikuwa kajificha humo muda wote. Dogo anaanguka chali, na sasa maneno yanamtoka kwenye kiputo: eti fonografu ni uvumbuzi mkubwa? Thubutu!

Dogo huyo ndiye Dogo wa Njano (Yellow Kid), na aliyemchora anaitwa Richard F. Outcault, mzaliwa wa Lancaster, Ohio. Kabla ya kuingia magazetini alikuwa mchoraji wa Thomas Edison, na fonografu ni kazi ya Edison ya mwaka 1877. Kwa hiyo jamaa alikuwa anamtania bosi wake wa zamani, anawatania wasomaji walioingia wazimu wa mashine mpya, na anamtania tajiri wa gazeti anayejisifia kila ukurasa. Vyote hivyo kavibebesha mgongoni mwa mtoto asiye na viatu.

Nimefungua uzi kwa sababu mara nyingi katuni hizi husimuliwa kama utundu wa watoto tu. Mimi naona mtoto mle ndani alikuwa kisingizio. Anayechekwa ni mtu mzima na starehe zake mpya. Nitaanzia London, tutavuka bahari kwenda New York, na nitajibu maswali njiani. Msinikimbize.

#2 – Mdau, Tabora

Nimevuta kiti. Ila sheria inajulikana, uzi bila picha ni batili.

#3 – Mleta mada

Mkuu, mwishoni nitawaambia pa kuzitazama. Kwanza London.

Gazeti la Punch lilianza Julai 1841, likiuzwa peni tatu. Mwaka huohuo akaingia John Leech, kijana aliyekuwa amesomea udaktari kidogo kabla ya kuhamia kwenye kalamu. Alichorea Punch hadi alipofariki 1864, na michoro yake mle inahesabiwa kwa maelfu. Humo kuna mfululizo wake aliouita The Rising Generation, yaani kizazi kinachoinukia. Vichekesho vyake vyote vimejengwa juu ya ujanja mmoja: kijana mdogo, hajaota hata ndevu, anaongea kama mzee wa klabu aliyechoka na dunia. Anavuta biri, anamponda baba yake kwamba amepitwa na wakati, anatoa maoni kuhusu mabinti wa siku hizi. Anasema yaleyale ambayo wanaume wa Kiingereza wa tabaka lile walikuwa wakiyasema kila jioni kwa uzito mkubwa. Yakitoka kwenye koo la mtoto unasikia jinsi yalivyo matupu.

Halafu kuna ufukweni. Reli za miaka ya 1840 ndizo zilizompeleka mwananchi wa kawaida wa London baharini kwa nauli anayoiweza. Zamani safari hiyo ilikuwa ya wenye nafasi. Sasa familia nzima inashuka na mabegi, mama kavaa sketi pana kama mwavuli uliofunguliwa, baba kavaa kofia ndefu juani. Waliokuwa wanaoga walipanda vibanda vya mbao vyenye magurudumu, farasi akavikokota hadi majini, ukavulia nguo humohumo ukashuka kwa ngazi usionekane na watu. Leech hakuchoka kuyachora hayo! Watoto wake wanapanda punda, wanachimba mchanga, wanatamka kwa sauti kile ambacho mama hakutaka kisikike. Wakubwa ndio waliokuja kustarehe na ndio wanaoteseka. Watoto hawana habari.

#4 – Mdau, Mombasa

Mie nimeziona kidogo hizo za Punch. Mbona maneno chini ya picha marefu hivyo, utadhani barua? Mtu atacheka saa ngapi?

#5 – Mleta mada

Swali zuri, na jibu limo kwenye utengenezaji wenyewe. Leech alichora kwa penseli juu ya kipande cha mti mgumu. Fundi mwingine akaja kuchonga, anaondoa sehemu nyeupe zote na kuacha mistari imeinuka ili ishike wino. Mchoro ukiwa mkubwa, gogo lilikuwa la vipande vilivyobanwa pamoja kwa bolti. Wakati mwingine walivitenganisha, kila fundi akachonga cha kwake usiku uleule, kisha wakaviunga tena. Ukitazama picha kubwa za zama zile kwa makini, pengine utaona msitari mwembamba mweupe umepita katikati ya anga. Hapo ndipo vipande vilipoungana.

Maneno yalipangwa chini kwa herufi za metali, na yaliandikwa kama mchezo wa jukwaani: nani kasema nini, kwa lafudhi gani, na mabano ya kueleza kaondoka vipi. Msomaji alikuwa na wiki nzima na gazeti moja, wala hakuwa na haraka. Nakubali lakini kwamba nyingi zimezeeka vibaya. Ukishasoma mistari minane ya maelezo, kichekesho kimeshapoa.

#6 – Mdau, Tabora

Twende New York basi, huku kwa Malkia baridi.

#7 – Mleta mada

Haya. New York ya miaka ya 1880 ilikuwa na magazeti matatu makubwa ya vichekesho: Puck, Judge na Life. (Life hii si ile ya picha za kamera mnayoijua, ile ya picha ilikuja 1936 ikachukua jina tu.) Angalieni nembo zao. Puck, lililoanza kwa Kijerumani 1876 na kwa Kiingereza 1877, lilimweka mtoto mnene mwenye kofia ya mkubwa, na kaulimbiu ya kusema jinsi binadamu walivyo wajinga. Sanamu yake ya dhahabu bado iko kwenye jengo la zamani la gazeti hilo, mtaa wa Lafayette, Manhattan. Life, iliyoanzishwa Januari 1883 na John Ames Mitchell, ikatumia kitoto chenye mabawa. Magazeti mawili ya watu wazima, yote yamemkabidhi mtoto kazi ya kucheka kwa niaba yao.

Lakini watoto wa kweli wa jiji lile walikuwa wapi? Walikuwa kwenye nyumba za kupanga za Lower East Side, familia nzima chumba kimoja, nguo zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Hapo ndipo anapoingia Michael Angelo Woolf, mzaliwa wa London aliyewahi kuwa mwigizaji wa jukwaani. Kwa miaka mingi alichora watoto hawa kwa ajili ya Life na magazeti mengine. Msichana wa miaka saba kambeba mdogo wake mgongoni na anamkaripia kama mama mzima. Wavulana wanasimama nje ya dirisha la duka la keki wakigawana kwa macho. Wamevaa makoti ya baba zao, mikono imepotelea ndani.

Woolf anakuchekesha, kisha anakubana moyo. Na Life yenyewe haikuishia kwenye kuchora: mwaka 1887 walianzisha mfuko wa michango wa kuwapeleka watoto wa mitaa hiyo shambani Connecticut wakati wa joto, wapate hewa safi na maziwa. Wasomaji walewale waliocheka wiki hii, wiki ijayo walituma dola. Naomba mlikumbuke hilo kabla hatujaanza kuhukumu.

Ninachomlaumu Woolf ni kwamba watoto wake wanajua wanatazamwa. Wanasema maneno matamu kupita kiasi. Mtoto mwenye njaa hatungi sentensi ya kupendeza.

#8 – Mdau, Dar

Mleta mada hapo kwa Woolf umekaza sana. Jamaa alikuwa anawaombea watoto msaada, unataka awachore wakitukana?

#9 – Mleta mada

Mkuu, ndiyo! Au angalau wakifurahi bila kumwomba mtu ruhusa. Na aliyefanya hivyo ni Outcault, ambaye alianza kwa kumfuata Woolf hatua kwa hatua.

Tarehe 2 Juni 1894, gazeti la kila wiki la Truth lilichapa mchoro wake unaohusu uchochoro wa Hogan (Hogan's Alley), mtaa wa maskini wa kubuni. Pembeni kuna dogo kipara, mdogo hata hatambuliki. Kipara kile hakikuwa mtindo. Watoto wa mitaa ile walinyolewa kwa sababu ya chawa. Februari 1895 Truth likatoa mwingine ambao mimi naupenda kuliko yote ya mwanzo. Wakati huo watoto wote wa Marekani walikuwa wanapenda vibwengo vya Palmer Cox vilivyoitwa Brownies, vilivyokuwa vikitoka kwenye gazeti la watoto la St. Nicholas tangu 1883. Outcault kachora vijana wa uchochoroni wamemgeuza mwenzao kibwengo, mmoja anamalizia kumpaka, na anamwambia kwamba Palmer Cox akikuona tu, dakika hiyohiyo anakuandikisha hakimiliki.

Dogo hana kiatu, lakini anaelewa biashara ya wahusika wa katuni kuliko wahariri. Siku nane baadaye mchoro huo ulirudiwa kwenye gazeti la New York World la Joseph Pulitzer. Na jina la Brownie baadaye likachukuliwa na Kodak kwa kamera yao ya dola moja ya mwaka 1900, iliyotangazwa kwa ajili ya watoto.

Sasa sikilizeni kilichofuata kwenye World, toleo la Jumapili, ukurasa mzima, rangi. Mei 5, 1895: watoto wamefungua sarakasi yao uani. Kwa nini sarakasi? Kwa sababu Barnum & Bailey, kampuni kubwa ya sarakasi, walikuwa wanajaza ukumbi wa Madison Square Garden, na watoto wa uchochoroni hawana kiingilio. Mwaka huohuo: maonyesho ya farasi, toleo la kitongoji cha mabanda. Maonyesho ya kweli yalifanyika Madison Square Garden kila mwaka tangu 1883, na matajiri walienda kutazamana kofia. Farasi walikuwa sababu tu. Januari 5, 1896: gofu. Chama cha gofu cha Marekani kilikuwa na mwaka mmoja na ushee tangu kiundwe, mchezo bado ni wa watu wenye mashamba makubwa ya nyasi, na Outcault anaushusha kwenye kiwanja cha vumbi chenye watu kibao. Jaribu kupiga fimbo ya gofu kariakoo saa kumi jioni uone. Mwezi uliofuata: maonyesho ya mbwa. Wenye nacho walikuwa na maonyesho yao ya Westminster tangu 1877, mbwa wenye vyeti vya ukoo. Hawa wa uchochoroni wameleta mbwa wao, na ukoo wanaoujua ni wa jalalani.

Mnaona? Hawalii kwamba wamenyimwa. Wanazifanya starehe zile wenyewe, kwa vifaa walivyonavyo, kwa uzito uleule na majigambo yaleyale. Na ukishamaliza kuwacheka unarudi kwenye gofu ya kweli, ya waheshimiwa, unaona kumbe nayo ni watu wazima wanakimbiza kampira shambani.

#10 – Mdau, Nairobi

Nilisoma mahali kwamba rangi ya njano ya lile gauni ilikuwa majaribio tu. Mafundi wa mashine walikuwa na wino mpya wa njano usiokauka, wakatafuta sehemu pana ya kuujaribu, wakaona gauni la mtoto.

#11 – Mleta mada

Hiyo ni hadithi maarufu na ni tamu, lakini haikai. Njano ilishakuwa inachapwa kwenye kurasa za rangi za World kabla ya hapo. Na kwenye ile sarakasi ya Mei 1895, ambapo tayari kulikuwa na rangi, gauni la dogo lilikuwa la buluu. Njano ilikuja Januari 1896 kwenye mchoro wa gofu, watu wakaipenda, ikabaki. Jina lake mwenyewe ni Mickey Dugan, lakini umma ukamwita Dogo wa Njano na basi.

#12 – Mdau, Morogoro

Mimi hapa namwona Madenge kabisa, yule mtundu wa gazeti la Sani tuliyekua naye. Kipara tu ndicho kinakosekana 😂

#13 – Mleta mada

Kabisa mkuu, damu moja. Ingawa sitasema mmoja kamzaa mwingine. Mtoto mtukutu anayewaumbua wakubwa yuko kila mahali kwenye karatasi za bei rahisi. Ujerumani walikuwa na Max na Moritz wa Wilhelm Busch tangu 1865, na wale mwisho wao ni kusagwa kwenye kinu na kuliwa na bata! Kutoka hapo ukoo unaonekana wazi: Desemba 1897 Rudolph Dirks, kijana mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha Katzenjammer Kids kwenye Journal, gazeti la tajiri William Randolph Hearst, kwa kufuata nyayo zao. Hao wa New York hawasagwi. Wanachapwa viboko tu, na Jumapili ijayo wanarudi.

#14 – Mdau, Zanzibar

Assalaam aleikum. Nimesoma chote. Suala langu: watoto wa kike wako wapi kwenye starehe hizi? Hadi sasa nimemwona mmoja, naye kabebeshwa mdogo wake.

#15 – Mleta mada

Waaleikum salaam dada. Umegusa penyewe. Uchochoroni yupo Liz, mpenzi wa Mickey Dugan, mkali kweli, lakini hajapata hata robo ya umaarufu. Kwa jumla mtoto wa kike alichorwa akiwa mama mdogo au akiwa malaika. Utundu ulikuwa mali ya wavulana.

Mwanamke aliingia kwenye vichekesho vya starehe kwa mlango mwingine, akiwa mtu mzima, juu ya baiskeli. Wazimu wa baiskeli ulifika kileleni 1895 na 1896, na Puck, Judge na Life hazikumaliza wiki bila kumchora mwanamke kavaa suruali pana za kuendeshea. Katika nyingi anachekwa: atamwacha mume na mtoto, atasahau kupika. Miaka mia na zaidi imepita na ukizitazama unaona hofu ni ya mchoraji mwenyewe. Yule mwanamke kwenye picha anaonekana anafurahia safari yake.

#16 – Mdau, Nairobi

Na usisahau upande mchafu. Hao hao akina Puck na Judge waliwachora Waayalandi kama nyani. Watu weusi ndio usiseme.

#17 – Mleta mada

Sijasahau, na siwezi kuupaka sukari. Waayalandi nyuso za nyani, Wayahudi pua, Wachina mkia wa nywele, na watoto weusi midomo minene wakikimbiza tikiti maji. Ilikuwa kawaida kwenye magazeti yote matatu, wiki baada ya wiki, na wasomaji walilipia. Uchochoro wa Hogan wenyewe haukuwa safi; watoto weusi wamo, na mara nyingi wamechorwa kwa sura hizohizo za kudhalilisha. Tofauti ni kwamba mle walikuwa wanacheza pamoja na wengine badala ya kukaa pembeni kama mapambo ya kuchekwa. Hilo halimsafishi Outcault. Nalitaja kwa sababu ukitazama utaliona.

Na Phil May wa London nimuweke hapahapa, maana anaonyesha kwamba ilikuwa inawezekana kufanya vingine. Alikulia kwenye shida huko Leeds, akachorea gazeti la Bulletin la Sydney, akarudi Uingereza, na mwaka 1896 akatoa kitabu cha michoro 50 ya watoto wa mitaani. Mistari michache mno. Kila usichohitaji kakitupa. Watoto wake wanaruka kamba, wanacheza dansi kufuata kinanda cha mpita njia, wanabishana, wanakaa ukingoni mwa barabara. Hakuna anayeombewa huruma na hakuna aliyegeuzwa mnyama. Nikilazimishwa kuchagua mchoraji mmoja kati ya wote wa uzi huu, namchukua huyo.

#18 – Mdau, Dar

Mwisho wa Dogo wa Njano ulikuwaje? Alikua?

#19 – Mleta mada

Hakukua, aliuzwa. Oktoba 1896 William Randolph Hearst alimvuta Outcault kwenda Journal kwa pesa. Pulitzer akasema sawa, nenda, lakini mtoto anabaki, na akampa George Luks aendelee kumchora kwenye World. Kwa hiyo kukawa na madogo wawili wa njano mji mmoja, kila Jumapili, kila mmoja anadai ndiye halisi. Outcault alikuwa amejaribu kumkatia hakimiliki mwezi uliotangulia, lakini haikumzuia Luks. Kumbukeni alichokisema kuhusu hakimiliki yule mtoto wa Februari 1895.

Wakati huohuo sura yake ilikuwa kwenye vifungo, biskuti, pipi za kutafuna, na pakiti za sigara. Ndiyo, sigara: vifungo vya sigara za High Admiral vilikuja na mtoto yuleyule kifuani. Haikupita muda watu wakamchoka, na mwanzoni mwa 1898 alikuwa kwisha habari.

Outcault alijifunza. Mei 4, 1902, kwenye New York Herald, alikuja na mtoto mwingine, Buster Brown. Huyu ni wa nyumba ya kitajiri, nywele zimekatwa vizuri, suti, mbwa anayeitwa Tige. Mtundu vilevile, lakini kila wiki mwishoni anaandika azimio kwamba hatarudia. Mwaka 1904 kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, Outcault aliuza haki za kutumia jina lake kwa wafanyabiashara wa kila aina, na viatu vya Buster Brown vilidumu miaka na miaka. Pesa ilipatikana hapo. Kichekesho, kwa maoni yangu, kilibaki uchochoroni kwa yule asiye na viatu.

#20 – Mdau, Tabora

Picha mkuu. Uliahidi.

#21 – Mleta mada

Haya. Mabuku ya zamani ya Punch yamewekwa bure kwenye Project Gutenberg na kwenye Internet Archive. Tafuta miaka ya 1847 hadi 1860 kama unamtaka Leech wa kizazi kinachoinukia na wa ufukweni. Kitabu cha Woolf kilichotoka 1899, mwaka aliofariki, kinaitwa Sketches of Lowly Life in a Great City. Kurasa za rangi za Outcault ziko kwenye maktaba ya katuni ya Billy Ireland, Chuo Kikuu cha Ohio State, na nyingi zimepigwa picha za kidijitali. Anza na ile ya gofu. Usiitazame kwenye simu ndogo, maana nusu ya utani umo kwenye vibao, madirishani na kwa watu waliokaa kwenye ngazi za nje za kutorokea moto. Kuza picha, nenda kona kwa kona, na ukipata kitu cha kuchekesha ambacho sijakitaja kirudishe hapa.

#22 – Mdau, Morogoro

Nimefungua ya mbwa. Nusu saa nzima bado niko kona ya kushoto.